Kumi na Nne Kila Saa

Bi Dakika alikuwa na namna yake ya kukasirika: alikuwa mpole. Watu wengine hasira huwapandisha sauti. Yeye ilimshusha, ngazi baada ya ngazi, mpaka akafika kwenye neno "tafadhali". Wauguzi wenzake katika wodi ya mahututi walijua kwamba akikuambia "tafadhali" mara moja, umekosea. Mara ya pili, tafuta pa kujificha. Ya tatu haikuwahi kusikika, kwa sababu hakuna aliyewahi kuingoja.

Asubuhi ile, saa moja na dakika tano, aliitoa ya kwanza akiwa peke yake, amesimama miguuni pa kitanda namba nne, akisema na karatasi.

"Tafadhali," alisema.

Karatasi haikujibu. Ilikuwa chati, pana kama kitambaa cha meza, imebanwa kwenye ubao, na ilikuwa safi kupita kiasi. Jana jioni alipomaliza zamu aliiacha ina vumbi la penseli, doa la dawa pembeni, na mstari wa pumzi umepanda na kushuka kama meno ya msumeno. Leo mstari umenyooka. Kumi na nne saa mbili, kumi na nne saa tatu, kumi na nne saa nne, na kuendelea hivyo mchana kutwa, kwa mwandiko wa mviringo ambao si wake. Chini ya kila saa kulikuwa na herufi mbili za jina lake.

Kitandani alilala fundi kufuli, mwanamume wa miaka hamsini na ushee, aliyeletwa siku tisa nyuma nimonia imemjaa kifua chote. Mrija ulipitishwa mdomoni mpaka kwenye njia ya hewa, na mashine ikachukua kazi ya kumpumulia. Mtu wa hali hiyo hasemi, haiti, halalamiki. Hana hata namna ya kutukana, ambayo kwa mgonjwa ni dawa nusu. Anachobaki nacho ni namba: mapigo ya moyo, presha, joto, oksijeni ya damu, na idadi ya pumzi. Kila saa muuguzi huzisoma, huzitia nukta kwenye chati, huziunga kwa mstari. Basi, sauti yake ndiyo hiyo. Anayeandika uongo pale amemtia mtu maneno mdomoni, na mdomo wenyewe una mpira.

Chini kabisa ya chati, kwa mwandiko uleule wa mviringo, paliandikwa: *Mgonjwa ametulia. Mrija uondolewe leo baada ya raundi ya saa nne.*

Bi Dakika aliisoma mara mbili. Kisha akafanya lile lililompa jina. Alilaza mkono wa kushoto juu ya kifua cha fundi kufuli, akainua kwa mkono wa kulia saa ndogo iliyobandikwa kichwa chini kwenye sare yake, akahesabu dakika nzima. Wenzake walihesabu robo dakika wakazidisha kwa nne, wale waliohesabu. Yeye, dakika nzima, na ukimsemesha katikati anaanza upya huku akikutazama kama mlango uliofungwa. Mume wake, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuwa akiwaambia wageni kwamba katika nyumba ile hakuna faragha: "Mimi nikiwa macho ni kumi na sita, nikikoroma kumi na mbili. Amenipima, kaniandika."

Thelathini na moja.

Mapigo mia moja na kumi na nane. Joto, kipimajoto kikiwa kimekaa kwapani muda wake wote, thelathini na nane na nusu, ingawa chati ilisema thelathini na sita nukta nane. Kwa mujibu wa chati, watu wote wa wodi ile walikuwa na thelathini na sita nukta nane, kama ndugu wa tumbo moja. Oksijeni ya damu tisini na mbili. Na kirungu cha oksijeni, kishikio cha kuzungusha ambacho jana alikiacha kwenye arobaini, kilikuwa kwenye sitini. Kuna mtu usiku aliona mgonjwa anashuka, akaongeza, akanyamaza.

Kumi na nne ilitoka wapi? Ilitoka kwenye mashine. Mashine ile ilikuwa na vioo viwili: cha chini kinaonyesha pumzi ulizoiagiza itoe, cha juu kinaonyesha kinachotokea kweli. Cha juu kilikuwa kimepofuka tangu mwaka lifti ya hospitali ilipokufa. Kwa hiyo watu walisoma cha chini, wakaandika amri kana kwamba ni habari. Tena mashine yenyewe ilikuwa na masikio mazito. Fundi kufuli alipovuta pumzi yake mwenyewe, dhaifu, ya kuomba zaidi, haikumsikia. Iliendelea na kumi na nne zake kama mhubiri asiyejali waumini wanakohoa. Kati ya pumzi moja ya mashine na nyingine, tumbo la mtu yule lilinyanyuka kidogo, likakwama, likaanguka. Haionekani mpaka utazame. Haihesabiki mpaka uweke mkono.

Na huyu ndiye wa kuondolewa mrija saa nne. Ni sawa na kumbeba mtu begani kuvuka mto, ukamshusha katikati ya maji kwa kuwa karatasi inasema mmefika ng'ambo.

Saa moja na nusu ndugu waliruhusiwa kusimama nje ya kioo. Mke wa fundi kufuli alikuwa wa kwanza, kama kila siku, amekumbatia mkoba. Bi Dakika alimfungulia mlango kidogo.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, mama. Umeamkaje?"

"Nimeamka. Sista, nikuulize kitu cha kijinga?"

"Kijinga ndicho kizuri. Uliza."

"Sisi tunakaa ghorofa ya tatu. Mume wangu akifika juu anahema hivyo, hivyo hivyo, tumbo linaruka. Sasa hapa amelala siku ya tisa. Anapanda ngazi gani?"

Bi Dakika alikuwa amehudhuria semina nyingi, nyingine zenye chai na cheti, na hakuwahi kusikia jambo lile likielezwa vizuri hivyo.

"Umemwambia mtu?"

"Jana jioni nilimwambia sista wa zamu. Akanionyesha karatasi kupitia kioo. Akasema, mama, karatasi inasema ametulia, wewe nenda kapumzike." Yule mama alicheka kidogo, bila furaha. "Nikaona labda mimi ndiye nisiyejua mume wangu anavyohema. Nimelala naye miaka ishirini na saba tu."

Hasira ya Bi Dakika, ambayo mpaka hapo ilikuwa imesimama, ilikaa kitako.

Ofisi ya matroni ilikuwa mwisho wa ukumbi, chumba chembamba chenye kabati la chuma na kalenda. Matroni alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili, nadhifu, mchapakazi, na mwenye mwandiko mzuri wa mviringo. Mezani kwake zilipangwa chati za vitanda vyote sita, zimenyooka kama sare zilizopigwa pasi.

"Dada, karibu. Najua kilichokuleta. Kaa."

"Nitasimama. Karatasi yangu ya jana iko wapi, tafadhali?"

Matroni alisikia kwamba hiyo ni tafadhali. Hakujua kwamba ni ya pili.

"Nimeinakili kwa usafi. Kesho wanakuja wakaguzi, na wewe unawajua wakaguzi. Chati za zamu yako zina meno, za wengine zimenyooka. Mkaguzi ataniuliza: huyu mgonjwa mmoja, kwa nini mchana anapumua thelathini, jioni kumi na nne? Nimjibu nini?"

"Mjibu kwamba mchana alihesabiwa."

"Dada, usinifanyie hivyo."

"Umeandika herufi za jina langu chini ya namba ambazo sikuziandika."

"Nimekuhifadhi. Ningekuacha peke yako na zile namba, ungeonekana wewe ndiye hujui kusoma mashine. Watu watano wanasema kumi na nne, mmoja anasema ishirini na tisa. Wewe ungemwamini nani?"

"Ningemwamini mgonjwa. Ya asili iko wapi?"

"Nimeichana."

Ukumbini kitoroli kilipita na magurudumu yake yanayolia. Wote wawili walikisubiri kipite, kwa adabu.

"Na kwa kuwa tumefika hapa," matroni aliendelea, akijifanya anatafuta kalamu, "nitahitaji barua ya maelezo kabla ya saa nane. Kwa nini namba zako hazilingani na za wenzako. Ni utaratibu tu."

"Mrija wa yule mzee unatolewa saa nne kwa sababu ya mwandiko wako."

"Unatolewa kwa uamuzi wa daktari."

"Daktari anasoma mwandiko wako."

Hapo matroni akaweka kalamu chini. Alikuwa amechokozwa, na aliyechokozwa hutoa akiba yake.

"Sawa. Basi na tusifanyane wageni. Nani alinifundisha kuandika namba ya mashine? Nani alinishika bega, mwaka ule, akaniambia, 'Mwanangu, andika ya mashine, songa mbele'? Alikuwa mama yangu? Nilikuwa na miezi mitatu kazini. Nimefanya ulivyonifundisha, miaka kumi na tatu. Leo umekuwa malaika mwenye saa?"

Ilikuwa kweli tupu.

Mwaka ule ugonjwa wa kifua uliingia mjini kama moto wa nyasi. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa zamu: wauguzi wawili, wagonjwa kumi na mmoja, mashine nyingine zimeazimwa kutoka vyumba vya upasuaji, vifaa vya kufuatilia moyo vitatu tu. Kuhesabu pumzi za watu kumi na mmoja, dakika moja kila mmoja, kila saa, ni hesabu isiyolala kitanda kimoja na kuwageuza, kuwafyonza makohozi na kuwabadilishia dripu. Akakata shauri. Waandike ya mashine, kwa wiki mbili, mpaka mambo yatulie. Alikuwa hajajua kwamba hakuna kitu kinachodumu kama jambo la muda.

Wiki ya pili, mwanamke mmoja wa kitanda cha dirishani alikuwa hana kifaa cha moyo. Saa nane mchana Bi Dakika mwenyewe alipita mbio, akatazama kioo cha mashine, akaandika kumi na nne. Saa tisa akapita tena, akaandika kumi na nne. Alipokwenda kumgeuza, mkono wa yule mwanamke ulikuwa wa baridi, na taya limeshakaza. Mashine ilikuwa ikimjaza hewa na kumwachia, kwa uaminifu, na chati ilikuwa ikiandika pumzi za maiti. Hakuna aliyeuliza. Mwaka ule hapakuwa na nafasi ya kuuliza. Siku iliyofuata alinunua saa ya kubandika kifuani, akaanza kuhesabu dakika nzima. Aliacha ujanja ule yeye, peke yake. Hakumwambia yeyote kwa nini. Vijana walidhani ni uzee unaingia mapema, wakambatiza jina, naye akalipokea, kwa sababu jina lilikuwa rahisi kuliko maelezo.

Na ule ujanja, alioutupa, wengine waliuokota. Binti wa miezi mitatu kazini akaupeleka zamu nyingine. Zamu nyingine ikawafundisha wapya. Mpaka ukawa ndio kazi yenyewe, na kuhesabu kukawa wazimu wa mtu mmoja. Aliondoka ofisini akiwa na hasira ambayo sasa haikujua ielekee wapi, maana kila ilikogeuka ilimkuta yeye amekaa.

Raundi ilifika saa nne kasoro kumi. Daktari bingwa alikuwa mtu mrefu, mwenye haraka ya kudumu, ambaye husoma chati akiwa bado anatembea. Nyuma yake madaktari watatu wanafunzi na madaftari yao. Nyuma yao matroni, ambaye kwa kawaida haji kwenye raundi.

"Namba nne. Siku ya tisa. Pumzi imara, joto imara." Daktari bingwa aliinua ubao. "Chati nzuri. Mngekuwa mnaandika hivi wote. Haya, tuandae, tutoe mrija."

"Daktari," alisema Bi Dakika, "huyu anapumua thelathini na moja."

"Chati inasema kumi na nne."

"Chati haipumui."

Mwanafunzi mmoja alicheka, akaona hajaungwa mkono, akakikunja kile kicheko kuwa kikohozi.

"Sista, herufi zilizopo hapa chini ni zako. Jana mchana kutwa. Umeandika mwenyewe kumi na nne, leo unaniambia thelathini na moja. Mimi nifuate Bi Dakika yupi?"

Matroni alitazama sakafu. Ilikuwa sakafu ya kawaida.

Bi Dakika alijua anaweza kunyoosha kidole, na kwamba angenyoosha, raundi ingegeuka kesi, kesi ingehamia ofisini, na ofisini saa nne ingepita. Fundi kufuli angetolewa mrija huku wao wakibishana ni mwandiko wa nani. Akasogea, akainua shuka, akafunua kifua na tumbo la yule mtu.

"Weka mkono hapa," alisema. Sauti ilikuwa imeshuka kabisa, mpaka wanafunzi wakainama kuisikia. "Dakika nzima. Tafadhali."

Hiyo ilikuwa ya tatu. Daktari bingwa hakuwa ameambiwa habari za hesabu ile, lakini kuna vitu mwili huvielewa wenyewe. Alimpa mwanafunzi ubao, akaweka mkono.

Mashine ilivuta, ikashusha. Chini ya kiganja chake tumbo likanyanyuka, likakwama. Likanyanyuka tena. Mashine ikavuta. Bi Dakika alimshikia saa mbele ya macho. Kwenye robo dakika daktari alitaka kuondoa mkono, kwa mazoea. Akaona uso wa Bi Dakika, akauacha. Midomo yake ilianza kuhesabu kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Thelathini na mbili," alisema mwishowe.

"Na kirungu cha oksijeni kiko sitini, hakikuandikwa," alisema Bi Dakika. "Na joto ni thelathini na nane na nusu."

"Nani ameandika hii chati?" Safari hii daktari aliuliza kwa ukali wa mtu aliyetishika.

"Herufi ni zangu, mkono si wangu," alisema Bi Dakika. Matroni alifumba macho. "Lakini ujanja wenyewe ni wangu. Mimi ndiye niliyewafundisha watu wa wodi hii kuandika namba ya mashine, miaka kumi na tatu iliyopita, na niliwahi kumwandikia mwanamke aliyekufa kwamba anapumua. Ukitaka jina la kuandika, andika langu. Ila na wewe, daktari, siku tisa umesoma kumi na nne usiku kucha, kila saa, hukuuliza. Umewahi kuona kiumbe gani kinapumua namba moja usiku kucha, siku tisa? Hata hii mashine ina siku zake."

Daktari bingwa, kwa heshima yake inafaa kusemwa, akafanya kazi. Mrija haukutolewa. Makohozi yalifyonzwa, likatoka donge zito la rangi ya kutu, lililosokotana kama fundo la uzi. Picha ya kifua ilipigwa palepale kitandani, ikaonyesha sehemu ya chini ya pafu la kushoto imejifunga. Dawa ikabadilishwa. Mashine ikarekebishwa usikivu wake, kirungu kidogo cha pembeni, nusu mzunguko, na kwa mara ya kwanza katika siku nyingi ikaanza kumsikia mtu inayempumulia. Saa sita Bi Dakika alihesabu ishirini na mbili.

Kabla ya kuondoka daktari alimwambia, kwa sauti ya ushauri, kwamba siku nyingine lugha mbele ya wanafunzi iwe ya upole zaidi.

"Nilikuwa mpole," alisema Bi Dakika, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Mke wa fundi kufuli alikuwa bado kwenye kioo. "Hawatoi leo?"

"Hawatoi leo, mama."

"Bado anapanda ngazi?"

"Amefika ghorofa ya kwanza. Amesimama anapumzika."

Yule mama aliitikia kwa kichwa. Hakutabasamu, aliukumbatia mkoba kwa namna nyingine.

Saa saba na nusu Bi Dakika aliketi kwenye kiti cha kitanda namba nne akaandika barua ya maelezo, kwa sababu ni utaratibu tu. Aliandika kwamba namba zake hazilingani na za wenzake kwa kuwa alihesabu. Aliandika mwaka, wiki, kitanda cha dirishani, saa nane, saa tisa. Hakutaja mwandiko wa mtu yeyote. Aliikunja, na hasira ilikuwa palepale, haijapungua hata nukta. Alikuwa ametumaini kwamba ukweli huipoza, kama wanavyosema watu ambao hawajawahi kuujaribu.

Hakuipeleka. Saa nane kasoro matroni alikuja mwenyewe. Aliichukua, akaisoma akiwa amesimama, akarudi juu ya ukurasa, akasoma tena pale palipotajwa kitanda cha dirishani. Mkono ulioshika karatasi ulishuka.

"Hukuniambia," alisema. "Mwaka ule. Ungeniambia kwa nini umeacha."

"Nilipaswa."

"Miaka kumi na tatu, dada."

"Najua ni mingapi."

Matroni alitia barua mfukoni. Alikuwa hana saa ya kubandika. Alivua ya mkononi, akaishika. Akainama, akalaza kiganja juu ya kifua cha fundi kufuli, kwa woga, kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto. Midomo yake ikaanza. Mashine ikavuta, ikashusha. Kengele ya kitanda cha pili ikalia kidogo, akageuza kichwa, akarudi, akasimama.

"Nimepotea," alisema. "Nilikuwa kumi na... kumi na ngapi sijui."

Bi Dakika alikuwa akichora mstari kwenye chati mpya, wenye meno. Hakuinua macho, wala hakusema tafadhali.

"Anza upya."